Bunduki ya nne ya baba ilivyonigombanisha na mdogo wangu

Marehemu baba yangu nilimuuliza maswali mengi enzi za uhai wake. Nilimuuliza alivyokutana na mama. Nilimuuliza kwa nini hakunywa pombe. Hata mshahara wake wa kwanza nilimuuliza, akacheka akanitajia. Ila kuna swali moja sikuwahi kumuuliza hata siku moja: "Baba, una bunduki ngapi?"

Najua wengi wenu mmezoea kunisoma nikiongelea wakwe, wapenzi na mishahara isiyofika tarehe 20. Mwezi huu naomba mnivumilie. Hii nayo ni habari ya mapenzi na familia, sema imepitia kwenye kabati la chuma.

Stoo yenye kufuli mbili

Baba alikuwa mtu wa wanyamapori. Alisoma Mweka, kile chuo cha chini ya Mlima Kilimanjaro kilichoanza mwaka 1963, akafanya kazi serikalini mpaka alipostaafu kwa hiari mwaka 2008. Baada ya hapo akaajiriwa na kampuni ya uwindaji wa kitalii mkoa mwingine, akarudi nyumbani Iringa mwaka 2013 kupumzika na kulima. Kwa mtu wa aina hiyo bunduki ni kama jembe. Alikuwa nazo kihalali, akizilipia na kuzitunza.

Sisi watoto tulijua mambo mawili tu kuhusu stoo yake. Kwanza, ina kufuli mbili. Pili, ukikutwa umesimama karibu na ule mlango, lazima ueleze ulichokuwa unatafuta. Jumamosi alikuwa anatoa moja moja, anakaa kibarazani na kitambaa cha kanga kuukuu na kichupa cha mafuta, anasugua taratibu. Harufu ya yale mafuta mpaka leo inanirudisha Iringa. Alikuwa na usemi wake: "Bunduki ina risasi mpaka uangalie mwenyewe." Tulicheka, tukaenda zetu kucheza rede.

Kwa hiyo baba alikuwa makini kweli. Tatizo ni kwamba umakini wake wote ulikuwa kichwani mwake. Alijua ipi aliinunua wapi, kwa nani, ipi ina ufa kwenye kitako, ipi imebadilishwa skrubu. Yote alikuwa nayo kichwani. Na kichwa cha mtu, jamani, kinazikwa naye.

Kikao

Alifariki Juni 2017 kwa presha. Siku ya nne baada ya mazishi tukakaa kikao cha familia. Nyumba ilijulikana, shamba la miti kule Mufindi lilijulikana, ng'ombe walihesabika. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri mpaka shangazi alipokohoa kidogo akauliza, "Na zile silaha za kaka je?"

Mama akafungua fundo kwenye pindo la kanga yake, akatoa ufunguo, akauweka mezani bila neno.

Namshukuru baba mdogo. Aliwahi kuwa mgambo, akasema hapa hafungui mtu bila polisi. Kesho yake akaja afande na mwenzake, mwenyekiti wa mtaa akawa shahidi, kabati likafunguliwa. Ndani mlikuwa na shotigani ya mitutu miwili, shotigani ya mtutu mmoja, na ile kubwa ya .375 aliyoipenda kuliko zote, Brno ya Czech. Tatu. Kwenye rafu ya chini kulikuwa na mfuko wa nailoni wenye vitabu vya leseni. Afande akavitoa kimoja kimoja, akaviweka juu ya kabati.

Vilikuwa vinne.

Cha nne kilikuwa cha bunduki ndogo ya .22. Afande akatutazama. "Kwenye rejista yangu mzee ana silaha tatu, na tatu ndizo hizi," alisema. "Lakini kitabu hiki mmenitolea wenyewe. Kwa hiyo mnisaidie, hii ya nne iko wapi?"

Hakuna aliyejibu. Ila macho ya watu wote yalikwenda sehemu moja, kwa mdogo wangu wa kiume.

Yeye ndiye aliyekuwa anakaa na wazee. Ndiye aliyempeleka baba hospitali, akalala naye wodini kwenye mkeka. Baba alipolazwa, ufunguo ulikuwa kwake kwa wiki mbili. Na historia yake ilikuwa na doa: mwaka 2015 aliuza pikipiki ya baba bila kuaga. Alikuwa na miaka 24 na hakuwa na kazi. Kwa watu waliokuwa wamekaa pale, hesabu ilikuwa imekamilika.

Wengine waliwaza tu, aliyesema ni mimi. Mimi dada mtu, msomi wa familia, mwenye shahada ya mawasiliano ya umma. Nilisimama mbele ya polisi, mbele ya mwenyekiti wa mtaa, mbele ya mama aliyefiwa siku tano nyuma, nikasema: "Ufunguo ulikuwa kwako. Kama umeiuza sema hapa hapa, tuyamalize."

Akaniangalia muda mrefu. Akasema maneno matatu tu.

"Dada, na wewe?"

Gharama ya sentensi moja

Mdogo wangu aliitwa kituoni mara nne kutoa maelezo. Hakufunguliwa kesi, maana hapakuwa na cha kumfungulia. Ila mnajua mji mdogo ulivyo. Habari ilitoka mtaani kwetu ikiwa "anahojiwa", ikafika sokoni ikiwa "ameuza bunduki kwa majambazi".

Wakati huo alikuwa amechumbia. Barua ilishapelekwa na sehemu ya mahari ilishalipwa. Upande wa binti wakamtuma mshenga na ujumbe wa heshima kabisa: tusubiri kidogo mpaka mambo ya kituoni yaishe. Kusubiri huko hakukuisha. Kufika Desemba binti alikuwa amevishwa pete na mtu mwingine. Mdogo wangu akafunga begi, akaenda Mafinga kupakia mbao. Simu yangu hakupokea tena.

Mimi nilirudi Dar es Salaam, ofisini, kwenye kurasa zangu. Nikawa nashauri wasomaji jinsi ya kuongea na ndugu waliokosana. Mtaniambia nini?

Boksi la viatu

Mahakama ilimteua baba mdogo kuwa msimamizi wa mirathi, na msimamizi anatakiwa kupeleka mahakamani orodha ya mali. Akanipigia. "Wewe si ndiye msomi? Nakutumia karatasi za kaka, zipange." Zikaja na basi kwenye boksi la viatu lililofungwa kamba ya katani. Risiti, vibali vya uwindaji, barua za kazi, kadi za krismasi, yote pamoja. Baba hakuwahi kutupa karatasi, hata ya kiberiti.

Januari 2018, usiku, watoto wakiwa wamelala, nikamwaga boksi mezani. Nilifanya kama tunavyofanya ofisini picha zikija bila maelezo. Kila bunduki nikaipa kadi yake. Juu aina, kiwanda, kalba, namba. Chini yake kila karatasi inayoitaja, kwa tarehe, kuanzia ya zamani.

Kadi ya shotigani ya kwanza ikajaa. Nilijifunza na mengine njiani. Kwa mfano ile "namba 12" ya shotigani haipimi inchi wala milimita, ni hesabu ya kizamani: risasi 12 za mviringo za risasi nyeusi zinazoenea mtutu huo huwa na uzito wa ratili moja. Kadi ya .375 nayo ikajaa mbele na nyuma. Risasi yake ilibuniwa na Holland & Holland wa London mwaka 1912, na kwa kibali kimoja kimoja niliona baba alikokwenda nayo mwaka hadi mwaka. Nilikuwa nasoma maisha yake. Nikalia kidogo, nikaendelea.

Halafu nikafika kadi ya .22. Haikujaa.

Nikafungua kile kitabu cha nne. Naomba muelewe: kilipita mikononi mwa watu sita siku ile, na mimi mmojawapo, na hakuna aliyesoma kurasa za ndani. Tulihesabu vitabu, tarehe hatukuzitazama. Vitabu vitatu vilikuwa na mihuri ya malipo mpaka 2017. Cha nne muhuri wa mwisho ulikuwa wa 2011. Nikarudi kwenye vibali vya kununua risasi. Risasi za .22 hakununua tena baada ya 2011. Mtu anayelipia kila kitu kila mwaka, iweje aache kulipia bunduki moja kwa miaka sita na asiilishe hata risasi moja?

Mikono ilianza kutetemeka. Nikachukua daftari lake la mahindi, lile la kuandikia magunia na bei, nikafungua mwaka 2011. Katikati ya hesabu za mbolea kulikuwa na mstari mmoja kwa peni ya bluu: "Ndogo imerudi kwa wenyewe. Karatasi anayo mama."

Ilikuwa saa tano usiku. Nikampigia mama.

"Mama, kuna karatasi ya bunduki baba alikupa?"

"Karatasi gani tena usiku huu?"

"Mwaka 2011."

Akakaa kimya. "Mwaka ule alipofanyiwa operesheni ya jicho alinipa bahasha. Akasema, mama fulani, nitunzie hii. Nikatunza. Ipo na kadi zenu za kliniki."

"Sasa mama, mbona siku ile hukusema?"

"Hamkuniuliza bahasha, mwanangu. Mliniuliza bunduki."

Bahasha

Ndani yake kulikuwa na stakabadhi ya polisi ya mkoa ule aliokuwa akifanya kazi. Baba alikuwa amesalimisha ile .22 pamoja na risasi zake zilizobaki. Jicho lilikuwa limemsumbua, kulenga kanga wa porini hakuwezi tena, akaona ya nini kukaa nayo. Aliporudi Iringa mwaka 2013 alihamia na silaha tatu, ndiyo maana rejista ya afande ilikuwa na tatu. Afande alikuwa sahihi tangu mwanzo. Kitabu cha nne kilikuwa karatasi ya zamani ambayo baba, kwa tabia yake, alishindwa kuitupa.

Nilisoma namba kwenye stakabadhi na namba kwenye kitabu, tarakimu kwa tarakimu, mara tatu. Zilifanana. Nilitamani zisifanane, ili angalau niwe nimekosea nusu.

Februari nikapanda basi mpaka Mafinga. Nilimkuta mdogo wangu kwa mama ntilie, mabega yamejaa vumbi la mbao. Nikamwekea stakabadhi mezani. Akaisoma yote, akarudia kusoma. Halafu akaikunja vizuri, akanirudishia.

"Dada, hii inaonyesha bunduki ilikuwa wapi," akasema. "Haionyeshi mimi nilikuwa nani kwako."

Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina.

Kwenye kazi yetu kuna sheria ambayo haijaandikwa: gazeti likikosea ukurasa wa mbele haliombi radhi kwenye kona ya ukurasa wa 23. Nikamwomba baba mdogo aitishe kikao kile kile, watu wale wale, na mwenyekiti wa mtaa akae kiti kile kile. Nikasimama, nikasema: "Nilimwita mdogo wangu mwizi hapa. Si mwizi. Niliongea bila kusoma." Afande alipelekewa nakala, akafunga jalada lake. Ila mchumba hakurudi. Hilo hakuna kikao cha kulirudisha.

Zamu ya nyumbani kwangu

Sasa niwaambie lililoniuma zaidi. Mume wangu naye ana silaha. Bastola, shotigani ya shambani, na moja ya kuwindia aliyouziwa na rafiki yake kwa kufuata taratibu zote. Nilikuwa naishi nazo nyumba moja na sikujua hata moja ina namba gani. Mwaka 2016, Jeshi la Polisi lilipoendesha uhakiki wa silaha, nilimwona akipekua makabati siku tatu akitafuta karatasi za shotigani, na mimi nikamcheka.

Niliporudi kutoka Mafinga nikamwambia, "Jumapili hii tunaandika silaha zako."

"Unataka kunihesabia?" akauliza, na sauti ilikuwa na kaukali fulani. Wanaume wengi wako hivyo. Ukimuuliza silaha anasikia umemuuliza salio la benki.

"Nawahesabia watoto wako," nikamjibu. "Siku usipokuwepo wasije wakakaa kwenye kikao kama chetu."

Akanyamaza. Jumapili baada ya kanisa watoto wakaenda kwa bibi yao. Yeye mwenyewe, mwenye leseni, alizitoa moja moja, akahakikisha hazina risasi, akanisomea. Mimi niliandika. Ilituchukua saa mbili na chai mara mbili. Na nikwambie ukweli, msomaji wangu, miaka ya karibuni hatukuwahi kuongea hivyo. Alinieleza ile ya kuwindia aliinunua mwaka gani na kwa nini. Alinieleza usiku mmoja shambani alivyoogopa. Mambo ambayo kwenye ndoa mtu hayasemi mpaka apewe kitu cha kushika mkononi.

Andika haya

Kama nyumbani kwako kuna silaha, hata moja, tafuteni daftari gumu. Kila silaha ipewe ukurasa wake. Sisi tuliandika hivi:

Aina, kiwanda na modeli. Usiandike "bunduki ya baba". Andika shotigani ya mitutu miwili, ya kiwanda fulani.

Kalba. Mara nyingi imechongwa kwenye mtutu. Iandike kama ilivyo, na nukta yake.

Namba ya silaha. Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Kwenye chuma kuna namba nyingi: ya modeli, ya hataza, ya ukaguzi wa kiwanda. Linganisha na iliyoandikwa kwenye leseni. Isome kwa sauti, mwingine aandike, kisha mbadilishane. 3 na 8 zilizochakaa zinafanana, na sifuri inafanana na herufi O. Bunduki nyingine, hasa za zamani, zina namba kwenye bodi na nyingine kwenye bolti. Andika zote na useme ipi iko wapi. Zipo pia za zamani zisizo na namba kabisa. Huko Marekani, kwa mfano, sheria ya mwaka 1968 ndiyo iliyolazimisha kila bunduki inayotengenezwa au kuingizwa kuwa na namba. Ukikuta ya namna hiyo, kawaulize polisi, usichonge namba yako.

Ilikotoka. Tarehe, aliyekuuzia, kibali, bei, na risiti ibandikwe hapo hapo.

Leseni. Namba yake, kituo ilikotolewa, na kila mwaka unapolipia andika tarehe. Ule mstari wa tarehe ungemwokoa mdogo wangu.

Risasi. Ulizonunua, ulizotumia, zilizobaki. Hesabu isipokaa sawa, utajua mapema.

Matengenezo na alama. Kitako kilichopasuka, skrubu iliyobadilishwa, jina la babu lililochongwa. Siku ikiibiwa, alama hizi ndizo polisi watakazoitambulia.

Picha. Upande wa kushoto, wa kulia, na namba kwa karibu.

Ilikoondoka. Hili ndilo kubwa kuliko yote. Ikiuzwa, ikisalimishwa, ikiibiwa, ukurasa usichanwe. Chora mstari mwekundu, andika tarehe, bandika stakabadhi. Ukurasa wa bunduki isiyokuwepo una kazi kubwa kuliko wa iliyopo.

Daftari lenyewe likae wapi? Lisikae ndani ya kabati la silaha, maana mwizi akibeba kabati amebeba na ushahidi. Tengeneza nakala mbili, moja nyumbani mahali pa siri na nyingine kwa mwanasheria au mtu unayemwamini. Na tafadhali sana, orodha hiyo usiitume WhatsApp, wala picha zake usizihifadhi kwenye simu ambayo kila mtoto anachezea gemu. Kwa jambazi hiyo ni orodha ya manunuzi.

Halafu kuna la msiba. Leseni ya silaha ni ya mtu, hairithiwi kama shamba au ng'ombe. Mwenye silaha akifariki, msigawane, msiihamishe, msiifiche kwa mjomba. Kabati libaki limefungwa, polisi waitwe, mashahidi wawepo, mwandikiane mlichokabidhi na mpewe stakabadhi. Anayetaka kubaki nayo aombe kwa jina lake. Tangu mwaka 2015 tuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi iliyochukua nafasi ya ile ya zamani, na haina mzaha. Septemba na Oktoba 2022 serikali ilitoa msamaha kwa waliosalimisha kwa hiari silaha zisizo na kibali. Nilipolisikia tangazo nilifikiria stoo zote za nchi hii zenye bunduki ya marehemu fulani, na watoto wanaogopa kuuliza.

Na hata nchi zenyewe zimeona umuhimu wa kuandika. Kwenye Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika zilikubaliana kuweka alama na kumbukumbu za silaha ndogo ndogo. Kama serikali zinakaa mezani kwa jambo hilo, mume na mke wanashindwaje?

Nilipofikia

Mdogo wangu alioa mwaka 2021, binti mzuri wa Njombe. Nilialikwa. Kwenye ukumbi nilikaa meza ya wageni, sikukaa ya familia, na sikulalamika. Mtu anakaa anapopangiwa.

Tunaongea siku hizi. Tunaanza na hali ya hewa, tunakwenda kwa mama, tunaishia hapo. Ila mwaka jana, jioni moja, aliita yeye. Ameshanunua ekari mbili za miti na ana hisa kwenye lori na mwenzake. Akaniuliza kazi, akaniuliza watoto. Halafu akasema, kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani:

"Dada, lile daftari lako unapangaga vipi? Nataka na mimi mke wangu aje akute kila kitu kimeandikwa."

Nikamwambia asubiri nichukue peni. Tulikaa kwenye simu mpaka salio lake likakata, nikampigia mimi tukaendelea.

Wewe je? Nyumbani kwako kuna kabati ambalo hujawahi kuuliza lina nini? Uliza leo, kwa upole, mwenyewe akiwa hai na chai ikiwa mezani.